Mkono wa Kushoto Hauingii kwa Kondoo

Mkono wangu wa kushoto una akili kunishinda. Miaka kumi na sita nimehimilisha ng'ombe wa maziwa, yaani nawapandisha kwa mbegu za dume zilizogandishwa, Pongwe, Muheza, Maramba, mpaka hapa mjini Tanga ambako watu hufuga ng'ombe wawili watatu uani, na kazi yote hufanywa na mkono huo. Unaingia nyuma ya ng'ombe hadi kwenye kiwiko, unatoa kinyesi, unapapasa, unaikamata shingo ya kizazi kama mtu anavyokamata shingo ya kuku gizani. Mkono wa kulia kazi yake kusukuma bunduki tu, ile fimbo nyembamba inayopeleka mbegu. Macho hayana la kufanya. Mimi huwa napiga soga na mwenye ng'ombe. Mkono wa kushoto ukisema imepita, imepita.

Ndiyo maana mzee mmoja wa Kimasai wa upande wa Handeni aliponipigia simu kuniuliza kama naweza kupandisha kondoo kwa mbegu za mtungini, sikumwacha amalize.

"Naweza, mzee wangu. Ng'ombe mkubwa vile naweza, sembuse kondoo?"

Sembuse. Neno hilo liliniponza.

Kijana wake ni mfanyabiashara wa mifugo, mtu wa minadani, na katika safari zake za Kenya alikuwa ameona kondoo aina ya Dorper: mwili wa mviringo kama pipa, kichwa cheusi, mwanakondoo wa miezi minne ana uzito unaomtosha mchinjaji. Dorper asili yake Afrika Kusini, walipatikana kuanzia miaka ya 1930 kwa kupandisha Dorset Horn na Blackhead Persian. Yule kijana na wenzake wakachanga, wakaagiza mbegu huko huko Afrika Kusini. Mirija arobaini, kila mmoja na mbegu zake zilizogandishwa, ikamwangukia baba yake. Dume hai lina gharama za usafiri na karantini, tena laweza kufa wiki ya pili kwa ugonjwa wa huku asioujua. Mrija wa robo mililita haupati kupe.

Mzee aliwapa jina mara ya kwanza tu alipoona moshi mweupe ukitoka shingoni mwa mtungi: madume wa baridi. Jina likabaki.

Nilitoka Tanga alfajiri na mtungi mdogo, basi hadi Mkata, kisha bodaboda kuingia ndani. Anayefanya kazi hii anajua roho inavyokuwa juu. Ndani ya mtungi kuna naitrojeni ya maji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na kazi yake kubwa njiani ni kutoroka. Nilimwambia yule kijana wa bodaboda asiulaze hata kidogo. Tukaufunga wima kwa mipira, nami nikaukumbatia kama mtoto mgonjwa. Kila tulipofika kwenye kivuli nilichovya rula, nikaitoa, nikaipunga hewani na kusubiri ule ukungu mweupe ujichore kuonyesha naitrojeni imebaki kiasi gani. Kijana akasema, "Dada, unapima mafuta?" Nikamwambia ndiyo.

Wiki mbili nyuma nilikuwa nimekwenda kuweka spongi. Kondoo kurudi kwenye joto, yaani kutaka dume, huchukua siku 17 hivi, na kundi zima haliwezi kuja kwenye joto siku moja lenyewe, kwa hiyo unaingiza ukeni spongi yenye homoni, inakaa siku 12 hadi 14, unaitoa, unapiga sindano ya homoni nyingine, na kundi zima linaamka pamoja. Kwenye karatasi ni jambo safi. Kwenye boma la miiba, siku ya kuzitoa, kila spongi ilitoka na maji yanayonuka kama samaki aliyelala nje. Mzee alisogea nyuma, akaziba pua kwa shuka.

"Binti yangu, umewaozesha kondoo wangu."

Harufu ile ni ya kawaida, haina madhara, inaisha kesho yake. Lakini hayo nilitakiwa kumwambia wiki mbili nyuma, si wakati ameshaziba pua. Spongi mbili hazikuwepo kabisa: kamba zinazobaki nje zilikuwa ndefu, na kondoo wenzao wamezitafuna na kuzivuta. Siku hizi nazikata fupi.

Kisha nikasahau jambo ambalo mtoto yeyote wa pale angenikumbusha. Majike ishirini na wanne wakiingia kwenye joto usiku mmoja, upepo unapeleka habari mbali. Dume la jirani liliruka miiba, wachungaji wamelala. Tulilikuta asubuhi limesimama katikati ya boma, limechoka, linatafuna kama mtu aliyealikwa.

Sasa siku yenyewe. Spongi zilitoka Jumatatu saa 12 asubuhi, nikahesabu saa 54, maana yake Jumatano saa sita mchana. Jua la Handeni mwezi wa Septemba hamlijui ninyi wa mjini. Nikaweka maji kwenye chupa ya chai, nikapima joto, nyuzi 37, nikatoa mrija wa kwanza, sekunde thelathini ndani ya maji, nikaufuta, nikaukata ncha, nikapachika kwenye bunduki, nikavaa glavu ndefu. Kwa mazoea tu. Vijana wawili wakamshika kondoo. Mkono wa kushoto ukaenda unakokwenda siku zote.

Ukasimama mlangoni.

Wale vijana walinitazama, wakatazamana. Mkono wangu si mkubwa, mwanamke mwembamba mimi, na mahali pale hapapiti hata viganja vya mtoto. Nilivua ile glavu ndefu nikaiweka mfukoni polepole, kama mtu aliyeivaa kwa sababu nyingine.

Ikabidi nitumie spekulamu, kile kifaa cha kupanua uke, na tochi. Nikaona mlango wa kizazi, mwekundu kidogo, umejikunja kama mdomo wa mtu anayekataa dawa. Nikasukuma bunduki: sentimita moja, ikagota. Nikazungusha, ikagota. Kondoo wa kwanza nilimhangaikia dakika kumi, na wenzake ishirini na watatu wanasubiri. Hapo nikafanya kosa ambalo mpaka leo nikilikumbuka natamani kujificha: ili niwahi, nikaanza kuyeyusha mirija mitano kwa mpigo. Wa tano ulipofika zamu yake ulikuwa umekaa kwenye jua robo saa. Mbegu zilizoyeyushwa hazisubiri mtu. Kufikia saa tisa nilikuwa namwaga mlangoni tu, nafunika, nasema anayefuata.

Mke mdogo wa mzee, ambaye wote pale humwita yeyo, yaani mama, alikuwa amekaa kwenye kigoda muda wote bila kusema neno. Alikuwa na kibuyu kitupu na kisu. Nilidhani anapitisha wakati. Kumbe kila kondoo aliyepita alimchora alama yake, maana anawajua mmoja mmoja: huyu wa sikio lililochanika, huyu binti wa yule aliyekufa kwa fisi. Daftari langu lina namba 1 hadi 24 na jasho. Kumbukumbu zote nilizotumia baadaye zilitoka kwenye kibuyu.

Siku ya 17 alipiga simu yeye. "Wamerudi." Wangapi? "Wengi." Karibu wote walikuwa kwenye joto upya.

Kondoo hubeba mimba siku 150 hivi. Mwishoni mwa Februari walizaa wanne. Mzee alifurahi, nami nikaanza kufurahi, mpaka yeyo alipomleta mmoja kifuani: mwekundu pyu, mkia mpana umejaa mafuta toka tumboni mwa mama yake. Hakuhitaji kusema kitu. Sote tulilijua lile dume la jirani. Kwa hiyo watatu. Watatu katika ishirini na wanne, na sikupokea pesa ya kazi. Nauli ya kurudi mzee alinilazimisha.

Nilikaa na aibu ile kama wiki mbili. Halafu nikafanya nilichotakiwa kufanya kwanza: nikaenda machinjioni. Nilimwomba mchinjaji aniwekee vizazi vya kondoo, akanitazama. "Dada, hiyo kitu haina supu." Nikapata kumi na moja ndani ya siku tatu, nikaja navyo nyumbani kwenye ndoo, watoto wakahama jikoni. Kimoja nikakipasua shingo kwa wembe, toka mlangoni hadi ndani.

Shingo ya kizazi cha ng'ombe nayo ina pete, lakini mkono wa kushoto unazinyoosha, unazivalisha kwenye bunduki moja moja. Ya kondoo ni nyembamba, urefu kama kidole cha kati, ina pete nne hadi saba, ngumu, na zote zimeelekeza ncha zake nje, kukutazama wewe unayeingia. Ubaya wenyewe uko kwenye ya pili na ya tatu: matundu yake hayako mstari mmoja na la kwanza. Ukipita mlango wa kwanza unakuta ukuta, mlango wa pili uko pembeni. Nikajaribu bunduki kwenye vile kumi vilivyobaki, vimelala mezani, taa juu yake, hakuna anayepiga teke. Ilipita viwili. Vyote viwili vilikuwa vikubwa, naona ni vya kondoo waliokwishazaa mara nyingi.

Mwalimu wangu wa zamani, sasa mstaafu, nilipomsimulia alicheka mpaka akakohoa, kisha akanieleza nusu nyingine. Dume akipanda mwenyewe naye humwaga mlangoni vile vile, hapiti pete hata moja. Lakini yeye anamwaga mabilioni, mabichi, yenye nguvu ya kupanda ngazi ile. Mbegu iliyopita kwenye barafu ni kama mgonjwa aliyetoka wodini: anatembea, ila usimpe mlima. Ngozi yake imeumia, maisha yake yamebaki saa chache. Ukimwacha mlangoni, wengi hawafiki. Za ng'ombe tunaziweka moja kwa moja ndani ya kizazi, ndiyo maana mrija mmoja unatosha na ndiyo maana sisi wa ng'ombe tunajiona mafundi. Aliongeza kwamba hata huo ujuzi wa kugandisha ulianzia mahali pa ajabu: mwaka 1949, Uingereza, Polge na wenzake walipogundua kwamba glaserini inakinga mbegu zisife kwenye baridi, walikuwa wanashughulika na mbegu za jogoo.

"Kwa kondoo," akasema, "ama upite ukutani mwa tumbo, ama ulete mbegu mbichi."

Kupita ukutani nilikuja kukuona mwaka uliofuata, Julai. Daktari mmoja wa mifugo alikuwa amekuja nchini kufundisha wenzake, yule kijana wa mnadani akambembeleza, akakubali kondoo kumi. Sikushika chombo, nilishika miguu. Kondoo hawakula wala kunywa toka jana yake ili tumbo liwe jepesi. Kila mmoja alilazwa chali kwenye machela ya mbao, akainamishwa kichwa chini, matumbo yakateremkia kifuani. Manyoya yakanyolewa mbele ya kiwele, ganzi, kisha matundu mawili madogo kila upande wa mstari wa katikati, hewa kidogo ikajazwa, na kamera nyembamba kama kalamu ikaingia. Daktari akanipisha nichungulie.

Miaka kumi na sita nimekishika kizazi na sijawahi kukiona kikiwa hai. Zilikuwa pembe mbili zimejikunja, rangi ya waridi, zinang'aa kwa unyevu, na kwa sababu ya joto zimetuna, zinacheza kidogo. Daktari akachoma sindano ndogo kwenye pembe ya kulia, nusu ya mrija. Ya kushoto, nusu iliyobaki. Dakika tano, kondoo amesimama, anatafuta mwenzake. Yeyo alichungulia baada yangu, akakaa pale muda mrefu kuliko daktari alivyopenda.

Safari hii tulikuwa tumejiandaa. Kondoo walilishwa pumba na mashudu wiki tatu kabla. Wale wa Septemba walikuwa mbavu nje, jambo ambalo kwa ng'ombe nisingelivumilia na kwa kondoo sikulitazama. Dume la jirani lilifungwa kwa kamba mbili. Mrija uliyeyushwa mmoja mmoja, chini ya turubai. Desemba walizaa sita katika kumi.

Hapo mzee alitaka kupiga ngoma, yeyo akakataa. Toka mwanzo hakuwataka. Alisema hao wenye kichwa cheusi hawatauona mwisho wa masika, na mimi niliona ni maneno ya mtu aliyezoea vya kwao. Masika ilipoingia, nyasi zikajaa maji, wawili walianza kuvimba chini ya taya, ufizi mweupe kama karatasi. Minyoo ya tumbo, ile inayonyonya damu. Dawa ilichelewa, wakafa. Wanakondoo wekundu wa rika lao walikuwa wanaruka. Baadaye nilisoma kwamba jambo hili lilikwishapimwa si mbali na kwetu: Diani, pwani ya Kenya, ng'ambo tu ya mpaka wa Horohoro, miaka ya 1990 watafiti walifuga kondoo wekundu wa Kimasai pamoja na Dorper, na kwenye unyevu ule wekundu walistahimili minyoo vizuri zaidi na Dorper wakafa kwa wingi. Yeyo hakupita Diani. Sasa mtu akiniuliza habari za damu ya Dorper kwa ukanda wetu, swali langu la kwanza ni mvua yake kiasi gani na dawa ya minyoo atainunua kwa nani.

Katika wale wanne waliobaki, mmoja alikuwa dume. Huyo ndiye aliyenirudishia heshima.

Alipofika mwaka na miezi tulimfundisha uke bandia, bomba lenye mpira ndani na maji ya moto katikati. Linatakiwa liwe na joto la nyuzi 42 hivi. Likipoa dume linakudharau, likizidi unamuunguza naye hasahau. Anatoa kama mililita moja tu, nzito kama maziwa ya mgando, na ukiiweka kwenye mwanga unaiona inafukuta, mawimbi yanapita yenyewe. Hiyo naizimua kwa maziwa ya unga yasiyo na mafuta, yaliyokorogwa na kupashwa moto nyuzi 95 kwa dakika kumi, maana maziwa yasipopashwa yana kitu kinachoua mbegu, kisha yakapozwa. Mara ya kwanza kupasha maziwa yale kwenye jiko la yeyo, wageni walikaa mkao wa chai.

Pigo moja la dume linatosha kondoo kumi na zaidi. Kijana ananyanyua miguu ya nyuma ya jike juu ya mti uliolazwa, kichwa chini, mimi naingiza spekulamu na tochi, natafuta ule mdomo uliokunjamana, naweka tone langu hapo hapo mlangoni wala sisukumi. Zile pete sizigombezi tena. Tumefanya kwa majirani wawili, maana kwa mzee mwenyewe majike wengi ni mama na dada zake. Wa kwanza kondoo kumi na nane, wakashika kumi na moja. Wa pili kumi na watano, wakashika tisa. Na nimewaambia wote ukweli: mwenye kondoo thelathini na dume zuri hanihitaji mimi wala maziwa yangu. Amwache dume afanye kazi. Mimi ni wa pale ambapo dume ni moja na maboma ni matatu.

Mkono wa kushoto katika kazi hii unashika tochi.

Mirija sita ya Afrika Kusini bado ninayo. Imelala kwenye mtungi chumbani kwangu, chini ya meza ya cherehani, na kila mara nachovya rula, napunga, nasubiri ukungu. Naitrojeni ni gharama. Mwenzangu mmoja huniuliza kwa nini nisiimwage. Daktari wa kamera alisema atarudi, hakusema lini. Na kila mwezi mwandamo, mzee hupiga simu. Hutangulia salamu za mvua, za watoto, za bei ya mahindi Mkata. Kisha:

"Na wale madume wangu wa baridi? Wazima?"

"Wazima, mzee wangu. Wamelala."